Jina Moja, Mistari Sita

Waliotaka kumnyima binti yangu chuo ni watu watatu: kaka yangu, katibu wa kanisa letu, na mimi mwenyewe. Majina siandiki. Kaka ni marehemu, katibu bado tunasali naye, na langu halimsaidii mtu.

Nianze na kaka, kwa sababu kosa lake ndilo la zamani.

Tulikuwa kambini Tanzania, sisi Warundi tuliovuka mwaka wa tisini na tatu. Binti yangu alizaliwa mle mle kambini, na wakati huo alikuwa bado ananyonya. Kaka alikuwa mtu wa maarifa mengi kuliko subira. Akasikia kwamba kambi ya pili, mwendo wa siku nzima kwa miguu, wanagawa mahindi na mafuta siku tofauti na yetu. Akaenda akaandikisha familia yote kule pia, majina yale yale, idadi ile ile. Miezi miwili tukala vizuri. Kisha ikaja siku ya kuhesabiwa. Wakaleta orodha za kambi zote mbili, wakaziweka mezani ubavu kwa ubavu, na karani akashika rula. Kila jina lililoonekana pande zote mbili alilipiga mstari mwekundu, huku na huku. Hakuuliza wazo lilikuwa la nani. Nilisimama mbele ya meza ile na mtoto mgongoni, nikaona jina langu linakatwa, halafu la mtoto. Miezi minne tulikaa bila kadi ya chakula. Tulikula kwa kuwalimia wenyeji mashamba yao. Maziwa yangu yalikauka.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Baba alinitoa nikalee wadogo zangu, na yeye pia angefaa kuwa kwenye orodha hii, ila nimechoka kumkasirikia. Kwa hiyo elimu yangu kubwa niliipata kwenye meza ile: jina la mtu likae mahali pamoja. Likionekana mara mbili, linafutwa kote.

Elimu hiyo nilikuja nayo mpaka Durban. Nilikuwa nayo mwaka wa 2008, watu walipotugongea milango na kutuambia turudi kwetu. Nilikuwa nayo bado mwaka wa 2013, binti yangu alipoingia darasa la mwisho, ambalo huku wanaliita matriki. Tulikuwa tunakaa Point, chumba kimoja kwenye jengo la zamani karibu na bandari, mimi na yeye. Baba yake alikwenda Cape Town kutafuta kazi, akapata mke. Mimi nilikuwa nasafisha fleti za wageni wa likizo kule South Beach, kwenye moja ya yale majengo marefu yanayotazama bahari.

Mwezi wa tano alikuja nyumbani na fomu. Kwenye mkoa wetu kuna ofisi moja inayopokea maombi ya vyuo vikuu vyote vya mkoa, kwa hiyo fomu ni moja tu. Katikati yake iko mistari sita: chaguo la kwanza, la pili, mpaka la sita. Yeye alitaka kusomea famasia. Alikuwa ameitaka tangu akiwa mdogo, alipokuwa akinisomea karatasi zinazokuja ndani ya pakiti za dawa, maana mimi zilinishinda.

"Mwalimu anasema tujaze yote sita, Mama."

Niliitazama mistari ile nikaiona ni mtego. Sitanii. Niliamini kabisa kwamba wameiweka mitupu makusudi, ili kumjua mwenye tamaa.

"Hao wengine wana vitambulisho vya nchi," nikamwambia. "Wewe una karatasi ya ukimbizi."

"Eish, Mama. Haihusiani."

"Inahusiana."

Mtoto akaikunja fomu akairudisha kwenye begi. Kilichokuwa hatarini alikijua vizuri kuliko mimi. Alama zake zilikuwa nzuri, lakini si za kushangaza, na viti vya famasia ni vichache. Akikosa, mwaka mzima angekaa nyumbani, na msichana wetu akikaa nyumbani mwaka mmoja, wa pili anasuka nywele West Street, wa tatu ana mtoto. Niliwajua wa namna hiyo kwa sura, kutoka kanisani kwetu.

Jumapili nikampeleka kwa katibu.

Katibu wetu alikuwa na meza yake nyuma ya kanisa, na kila baada ya ibada Warundi walipanga foleni pale. Alijaza karatasi za ukimbizi, za hospitali, za shule. Kambini aliwahi kumsaidia karani wa kuandikisha watu, na hadithi hiyo alikuwa haiachi. Alifika darasa la kumi, akavaa miwani, tukamwona ni profesa. Alisoma jina la fomu, akaigeuza, akanipongeza kwa kuwahi. Halafu akatufundisha mambo matatu. Kwanza, mtu mmoja, chuo kimoja. Ukiomba kwingi wanaona huna msimamo na jina lako linawekwa pembeni. Pili, anayepeleka mapema ndiye anayepata kiti, kwa hiyo fomu iondoke wiki hiyo hiyo. Tatu, ikishaingia haibadilishwi. Nilitikisa kichwa kwa kila neno. Alikuwa ananirudishia yale yale niliyokuja nayo.

Akaandika famasia kwenye mstari wa kwanza. Kisha akatoa rula mfukoni, na mistari mitano iliyobaki akaipiga kalamu yote, mmoja mmoja, kama kule kambini.

"Ili mkono wa mtu usije ukaongeza kitu," akasema.

Moyo wangu ukatulia. Binti yangu aliifuata ile rula kwa macho, kisha akatazama mlango. Kwenye teksi ya kurudi aligeukia dirisha. Nikamwambia siku moja atanishukuru.

Mwezi wa nane mwalimu wake akaniita shuleni. Kiingereza changu ni cha ndoo na fagio: safi, chafu, mlango, samahani. Kwa hiyo mkalimani akawa binti mwenyewe. Mwalimu alisema maneno mengi, anapiga kidole juu ya meza, na binti akanipa matatu.

"Anasema umekosea, Mama."

"Maneno yote yale ni kwamba nimekosea?"

"Mengine ni ya heshima."

Sasa mnielewe. Nimekaa na wakalimani maisha yangu yote. Najua mkalimani mwenye haja yake anavyotafsiri. Huyu alitaka mistari sita, na mwalimu, kwa kinywa cha huyu huyu, alitaka mistari sita. Nitaamini vipi? Mwalimu akafungua mtoto wa meza, akanipa kijitabu cha ile ofisi ya maombi, chenye sheria zote. Nikakipokea kwa mikono miwili kwa adabu. Kikakaa kwenye mfuko wa aproni yangu ya kazini majuma matano. Kilikuwa kinaingia chumba baada ya chumba pamoja nami, na mimi sikukifungua kwa sababu nisingeweza kukisoma, na sikumpa mtu kwa sababu niliogopa atakachokisoma. Haya ndiyo makosa yangu, na ndiyo makubwa kuliko ya wale wawili, maana kaka alikuwa na njaa na katibu alikuwa na sifa, mimi nilikuwa na kijitabu.

Mwisho wa mwezi wa tisa shule zinafunga na South Beach inajaa watu. Tulikuwa tunabadilisha shuka za ghorofa nne kwa siku. Msimamizi wetu wa shuka na funguo alikuwa mama Mwislamu mzaliwa wa Durban hapa hapa, lakini asili ya wazee wake ni pwani ya kwetu huko juu, Afrika Mashariki. Kiswahili alikuwa nacho cha bibi yake: kitamu, na hapa na pale kimesahaulika. Mimi nilimwita anti kama wote, yeye aliniita dada. Siku hiyo tulikuwa tunakunja shuka, yeye ncha mbili, mimi ncha mbili, tunakutana katikati na kurudi nyuma. Nikamtazama nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona zamani. Huyu hana mtoto matriki, hasali na sisi, hana faida yoyote kwenye fomu ya mwanangu. Nikatoa kijitabu.

Akavaa miwani. "Nianzie wapi?"

"Pale wanaposema adhabu."

"Adhabu ya nini?"

"Ya kuomba zaidi ya mara moja."

Akapitisha kidole ukurasa kwa ukurasa. Alichukua muda. Mimi niliendelea kukunja foronya.

"Dada, haipo."

"Tazama tena."

"Haipo. Wanachokataa ni fomu mbili. Fomu iwe moja. Ndani yake vyuo mpaka sita, na wamesema hapa, jaza uwezavyo. Hawakukatazi, wanakuomba." Akanisogezea kijitabu kana kwamba naweza kusoma. "Unaweka juu unachokitaka zaidi. Wakikosa nafasi pale, jina la mtoto linashuka mstari wa pili. Wakikosa, wa tatu. Linashuka tu."

"Halifutwi?"

"Lifutwe na nani?"

Nikamuuliza kuhusu kuwahi. Akasoma, akasema wote walioingia kabla ya siku ya kufunga wako kapu moja. Wanawapanga kwa alama, si kwa tarehe. Wa mwezi wa tano na wa jana ni sawasawa. Mwenye hasara ni anayechelewa, yeye anaokota viti vilivyobaki. Na kubadilisha je? Kubadilisha ruhusa, mpaka siku ya kufunga. Hata vyuo vya mikoa mingine, ambavyo vina fomu zao, ruhusa pia.

Bado nilikuwa na hofu moja. Kambini, mtu aliyekataa nchi aliyopewa kuhamia, faili lake lilifungwa, basi. Nikamuuliza: wakimkubali wawili kwa pamoja, atamkataa mmoja kwa usalama gani?

Anti akavua miwani akanicheka. "Atawaambia asante. Chuo si mume, dada."

Nikauliza siku ya kufunga ni lini. Akatafuta. Ilikuwa kesho kutwa, saa kumi.

Ningependa kuandika kwamba nilifurahi. Nilikaa juu ya rundo la shuka chafu nikawa na hasira mpaka masikio yakaziba. Miaka kumi na minane nilikuwa nimembeba karani wa kambi kichwani, nikamlisha, nikamwekea mtoto wangu chini ya rula yake. Anti alimaliza shuka zilizobaki peke yake. Kisha akasema nitachukua nusu siku kesho kutwa, na ghorofa zangu atampa mwingine. Hakusubiri niombe.

Stakabadhi ya fomu, yenye namba ya maombi, ilikuwa kwa katibu. Alitunza za watu wote kwenye faili. Nikamfuata kwake siku ile ile baada ya kazi. Nilimkuta anakula, mkewe akanipa kiti. Nikamweleza. Alinisikiliza kama mtu anayesikiliza redio ya jirani.

"Dada," akasema, "wewe ulisoma mpaka la ngapi?"

"La nne."

"Na mimi?"

"La kumi, Katibu. Ndiyo maana nimekuletea. Nisomee hapa." Nikafungua ukurasa ambao anti alikuwa ameukunja pembe.

Akanawa vidole kwanza, akapokea kijitabu. Akakitazama. Macho yake hayakwenda kutoka upande mmoja kwenda mwingine, yalisimama tu katikati ya ukurasa. Mkewe akaanza kukusanya sahani zilizokuwa bado na chakula. Hapo nikajua. Kiingereza cha kwenye fomu, jina na tarehe ya kuzaliwa na anwani, kile alikiweza kwa mazoea. Kurasa kama hizi hakuwahi kuzisoma hata moja. Alipoulizwa, alijibu kwa sheria za kambi, kama mimi.

Alinyanyuka, akafungua faili, akanipa stakabadhi yangu. Na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: hakutudanganya. Mtu akikudanganya unajua pa kuweka hasira yako. Huyu hakujua, na foleni nzima ya watu kila Jumapili haikumpa nafasi ya kusema sijui. Mlangoni nikamwambia awatafute wengine wenye mstari mmoja kabla ya kesho kutwa. Akaitikia kwa kichwa. Watoto wawili hakuwafikia, au hakuwaambia. Mmoja wao alikaa nyumbani mwaka ule. Nalitaja kwa sababu yeye hatalitaja.

Siku ya kufunga tulipanda teksi ya kuelekea Queensburgh, tukashuka kwenye roboti, yaani taa za barabarani, alipotuelekeza anti, tukatembea. Foleni ilikuwa imetoka mlangoni na kukunja kona. Watoto wa shule za kila namna, wazazi wenye mafaili, mmoja anajaza fomu juu ya mgongo wa mwenzake. Nilishangaa kuona ni wengi hivi na hakuna anayeonekana kuogopa isipokuwa kuchelewa.

Tulipofika dirishani, alikuwepo dada mmoja kijana, kucha ndefu, amechoka. Binti akampa namba. Dada akaitafuta kwenye kompyuta, ikatokea picha ya fomu yetu, akasogea karibu na kioo. Mimi nikaanza kujitetea kabla ya kuulizwa. Nilisema kwa Kiingereza changu cha ndoo kwamba jina ni moja, si mbili, moja.

Dada akamuuliza binti kitu.

"Anauliza nani alipiga mistari hii."

"Mwambie ni mimi."

Akauliza tena.

"Anauliza kwa nini."

Nilifungua kinywa. Ningeanzia wapi, na watu wote wale nyuma yangu wanatazama saa? Binti yangu alinitazama. Kisha akageuka akamjibu yule dada mwenyewe, maneno mawili matatu, na yule dada akaitikia, akachukua karatasi ya kubadilisha machaguo akaisukuma chini ya kioo. Sikumuuliza binti alisema nini. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwachia mkalimani.

Akaandika pale pale, amesimama. Famasia, juu. Famasia tena, chuo kingine. Sayansi ya maabara ya hospitali. Uuguzi. Kemia. Mkono wake ulikuwa unakwenda haraka, nikaelewa kwamba orodha hii alikuwa nayo kichwani tangu mwezi wa tano. Alipofika wa sita akasita, na mimi, kwa kweli, nikamshika kiwiko. Mitano inatosha, nikafikiri. Tusiwaudhi.

Yule dada akagonga kioo kwa ukucha, pale penye mstari mtupu.

"Anasema umebaki mmoja, Mama. Anasema ni bure, kwa nini tuuache."

Nikacheka. Si kicheko cha heshima, ni kile cha tumboni, mpaka mzee aliyekuwa nyuma yetu naye akaanza kucheka bila kujua sababu. Binti akacheka. Nikamwachia kiwiko.

"Jaza," nikasema. "Weka kitu ambacho ukiamka asubuhi hutakichukia."

Akaandika ualimu wa sayansi. Yule dada akagonga muhuri, akatoa stakabadhi mpya, akaita wa nyuma yetu. Basi. Hakuna aliyetoa rula. Nje tulinunua magwinya, haya maandazi ya huku, tukala tumesimama kando ya barabara, na binti akanieleza kila mstari na sababu yake, mdomo umejaa. Nilikuwa sijamsikia akiongea hivyo tangu Jumapili ile.

Mwezi wa kwanza, matokeo yalipotoka, majibu yakaanza kuja kwenye simu. La kwanza: hapana. Nilikuwa naosha vyombo. Nikakaa chini na sahani mkononi. Ule moyo wa zamani haufi kwa kusomewa kijitabu mara moja.

"Mama, inuka," akasema. "Bado linashuka."

Siku mbili baadaye la pili: hapana. Alisema lile lile, lakini sauti ilikuwa ndogo. Alikuwa anaweka simu chini ya mto na kuitoa, anaiweka na kuitoa. Mimi nilikwenda kazini nikatandika vitanda vya watu, na kila shuka niliyoinyoosha nilihesabu mstari: wa tatu, wa nne, wa tano, wa sita. Ilikuwa minne. Kwa fomu ile ya mwezi wa tano tungekuwa hatuna hata mmoja. Nilikuwa natandika na kulihesabu hilo, na kadiri nilivyohesabu ndivyo nilivyoweza kupumua.

Jibu la mstari wa tatu lilikuja saa nane mchana. Alitembea kutoka Point mpaka South Beach kuniletea, hakutaka kunipigia. Anti ndiye aliyemwona kwanza kwenye lifti, akaja kuniita. Sayansi ya maabara. Wamemkubali, kiti ni chake, aende kujiandikisha.

"Si famasia," binti akaniambia, ananitazama usoni kama ananiomba msamaha.

"Nani kauliza famasia?" nikasema.

Siku ya kujiandikisha nilimsindikiza. Wazazi hawakuruhusiwa ndani, nikakaa juu ya ukuta mfupi nje ya jengo, pamoja na mama Mzulu ambaye hatukuelewana lugha lakini tuligawana chungwa lake. Binti aliingia saa tatu akatoka saa nane. Alikuwa na kadi ya mwanafunzi, na alilalamika kwamba kwenye picha amefumba jicho moja. Nikaitazama. Kweli alikuwa amefumba jicho. Akaniambia kipindi chake cha kwanza ni Jumatatu saa mbili, kemia, na kwamba anahitaji koti jeupe.

"Tukae kidogo kwanza," nikasema.

Tukakaa pale ukutani. Ilikuwa Alhamisi, na mpaka Jumatatu sikuwa na kitu chochote cha kuogopa.